Bud Fox alikosa nini hasa? Swali la muuza mahindi

Mama Nafaka, Busia

Wapendwa, habari za jioni. Mimi nauza mahindi na maharage Busia, upande wa Uganda. Stoo yangu haiko mbali na soko la Sofia. Kwa sinema mimi ni mtu wa kibandani, zile ambazo VJ anatafsiri huku akitia chumvi yake mpaka unacheka mahali pa kulia. Juzi kijana wangu karudi likizo na flashi, akaniwekea Wall Street, ya Oliver Stone, ya mwaka 1987. Hakuna VJ, hakuna bunduki, hakuna anayerushwa dirishani. Wanaume wamefunga tai, wanapiga kelele kwenye simu kutwa nzima. Nilianza kusinzia. Walipoingia kwenye mambo ya nani kasikia nini kabla ya nani, usingizi ukaisha, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Kwa ambaye hajaiona: Bud Fox ni dalali mdogo wa hisa New York, ana madeni na ana kiu. Anamwinda tajiri mmoja, Gordon Gekko. Anapiga simu ofisini kwake kila siku, hadi siku ya kuzaliwa ya tajiri anapenya na boksi la sigara za Cuba. Anapewa dakika chache. Anataja hisa hii na ile, Gekko hata hamtazami. Ndipo kijana anatoa alichokuwa nacho moyoni: baba yake ni fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye shirika dogo liitwalo Bluestar, na amemdokeza kwamba uamuzi wa serikali kuhusu ajali yao moja unakuja na utawasafisha. Haujatangazwa. Gekko ananunua, tangazo linatoka, hisa zinapanda, na kijana anafunguliwa mlango wa wakubwa. Kuanzia hapo ni kumfuatilia Mwingereza mmoja tajiri mjini kwa pikipiki ili kujua anataka kununua nini, ni kuingia usiku ofisi ya mawakili kwa kisingizio cha kampuni ya usafi, ni nyumba mpya na mwanamke mpya. Mwishoni maafisa wanamfuata kazini, anatolewa na pingu, machozi yanamtoka, wenzake wanatazama chini.

Sasa yangu. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Tangazo lilitoka Ijumaa, tarehe 5. Alhamisi yake, dalali mmoja ninayemfahamu tangu stoo yangu ilipokuwa kibanda cha mabati alikuja na lori zima. Bei tamu. Anataka keshi, hataki nusu leo nusu kesho, hata chai alikunywa amesimama. Nikatia mkono kwenye gunia, nikanusa, nikapima unyevu kwa mashine, safi kabisa. Nikalipa. Kesho yake malori yamejipanga mpaka hujui mkia uko wapi, na mahindi yangu hayana pa kwenda. Baada ya siku chache wakalegeza, lakini kwa masharti: muagizaji ajiandikishe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Cheti mimi ningekitoa wapi wiki ile? Nikapakia upya, nikauza kwa mwenye kinu huku ndani, kwa bei ya kuomba msamaha.

Baadaye nikaambiwa yule dalali ana shemeji kwenye ofisi moja ng'ambo ya mpaka, na shemeji alimpigia simu Jumatano usiku.

Basi nielezeni. Bud kasikia kwa baba, kauza habari, katiwa pingu. Dalali wangu kasikia kwa shemeji, kaniuzia mzigo, na hadi leo ananiamkia vizuri kabisa barabarani. Kwa nini mmoja ni mhalifu na mwingine ni mjanja? Kijana wangu anasema hisa ni kitu kingine. Kitu kingine vipi? Ni kununua na kuuza.

---

Mkali wa Ntinda

Mama, jibu ni fupi: Bud kosa lake ni kukamatwa. Mimi nafanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, na nakwambia soko lote ni habari. Anayeipata mwisho ndiye anayelipia karamu. Gekko nimempenda. Ile hotuba yake kwenye mkutano wa wenyehisa wa kampuni ya Teldar Paper, anapowaonyesha wale makamu wa rais 33 wamekaa jukwaani, kila mmoja anakula zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka na hakuna ajuaye wanafanya nini: alisema uongo wapi? Hapa kwetu ofisi ngapi ziko hivyo? Watu wanamkumbuka kwa kusifu tamaa, wanasahau kwamba wenyehisa walimpigia makofi.

Dalali wako alikuwa na mtandao. Jenga wako.

---

Karani wa Hisa, Kampala

Mama Nafaka, pole sana kwa mzigo ule. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya madalali wa hisa hapa mjini. Nilianza kwa kubeba fomu, nikaishia kuandika oda za wateja, kwa hiyo nitajaribu. Mkali nitamrudia.

Swali lako lina zaidi ya miaka 200, na aliyeliuliza kwanza mahakamani alikuwa mfanyabiashara kama wewe. Mwaka 1815, mji wa New Orleans. Marekani na Uingereza walikuwa vitani, meli za Waingereza zimefunga njia, tumbaku imejaa kwenye maghala na bei imelala. Mapatano ya amani yalikuwa yametiwa saini huko Ghent Desemba 1814, lakini habari zilisafiri kwa meli. Asubuhi moja ya Februari mfanyabiashara aitwaye Organ akapata habari kabla haijasambaa mjini. Akaenda mbio kwa kampuni ya Laidlaw kufunga bei ya tumbaku nyingi. Wakamuuliza: kuna habari yoyote ya kupandisha bei? Yeye kimya. Muda si mrefu mji mzima ukajua vita imekwisha, tumbaku ikapanda kati ya asilimia 30 na 50. Wauzaji wakamnyang'anya mzigo kwa nguvu, naye akashitaki. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1817, na Jaji Mkuu Marshall akasema mnunuzi halazimiki kumwambia muuzaji kila anachokijua. Lakini akaongeza jambo moja: kila upande ujihadhari usiseme wala kufanya lolote la kumpotosha mwenzake. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya.

Kwa hiyo kwenye tumbaku, na kwenye mahindi, aliyewahi amewahi. Hapo Mkali ana haki yake.

Hisa zina jambo moja la ziada, na ndilo kijana wako alikuwa anatafuta namna ya kulisema. Ukinunua hisa, umekuwa mwenye mali. Mkurugenzi, mhasibu, hata dereva wa mkurugenzi, wote wanalipwa kwa mali yako. Sasa mtu uliyemwajiri akilinde kitu chako akijua kesho kitapanda bei, akaja leo kukinunua kwako bila kukwambia, huyo umemwita mjanja? Mwaka 1963 kampuni ya Texas Gulf Sulphur ilichimba shimo moja la majaribio karibu na Timmins, Kanada, ikakuta madini ambayo hata wao hawakuamini. Wakafunga midomo. Wakati umma haujui kitu, baadhi ya wakubwa na wafanyakazi wakawa wananunua hisa taratibu kutoka kwa wenyehisa wasiojua. Tangazo likatoka Aprili 1964. Mahakama ya rufaa mwaka 1968 ikasema: mtu wa ndani ama atangaze, ama akae mbali na soko.

Tukija kwa Bud. Ile ya Bluestar, kwa maoni yangu, ndiyo kosa lake dogo kuliko yote, ingawa ndilo lililomtoa ushamba. Baba alizungumza na mwanawe baa, kama baba. Habari ni ya kampuni, haijatangazwa, na kijana akaibadilisha kuwa kadi ya kuingilia. Kumfuata Mwingereza barabarani kwa pikipiki? Nimeona mawakili wakibishana. Barabara ni ya wote, na ukimwona mtu anapanda ndege, ukajumlisha mwenyewe anakwenda kununua nini, kichwa ni chako. Lakini kuvaa nguo za usafi na kupekua mafaili ya mawakili usiku ni wizi mtupu, hata kama hakubeba karatasi. Alibeba kilichoandikwa.

Na msidhani sheria ilikuwa imetulia wakati sinema ile inatoka. Kulikuwa na fundi wa kiwanda cha chapa New York, Chiarella, aliyekuwa akichapa nyaraka za kampuni zinazotaka kumeza nyingine. Majina yalifichwa mpaka usiku wa mwisho, lakini akayabaini kutokana na maelezo mengine, akanunua hisa, akapata kama dola 30,000. Akatiwa hatiani. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ikamfutia: wale waliomuuzia hisa hakuwa na wajibu wowote kwao. Ilibidi kusubiri hadi 1997, safari hii kwa kesi ya wakili, ndipo wakasema wazi kwamba kuiba siri ya aliyekuamini na kuifanyia biashara ni ulaghai, hata kama uliyenunua kwake humjui.

Hapa kwetu sheria ya masoko ya mitaji inakataza mtu wa ndani kufanya biashara kwa taarifa ambayo haijatangazwa, na mlinzi wake ni CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Shida yetu ni udogo. Soko la hisa la Uganda lina kampuni chache mno, na Kampala watu wanasali pamoja, wanazika pamoja. Nikiwa karani, mteja mmoja alikuja akitaka kununua hisa za kampuni fulani, yeye ambaye miaka yote hakutaka zaidi ya hati fungani za serikali. Bosi wangu alimtazama juu ya miwani, akauliza kwa upole, «Umelala wapi wiki hii, ndugu yangu?» Jamaa alicheka. Hatukujua mpaka leo. Kenya nao, Rubis ya Ufaransa ilipotangaza mwaka 2018 kuinunua KenolKobil, CMA yao iliona manunuzi ya ajabu siku chache kabla ya tangazo, ikazuia pesa zisitoke.

Mama, nina swali moja kwako, na ni zito. Alhamisi ile, ulimuuliza dalali kama kuna habari mpakani? Alisemaje?

---

Mama Nafaka

Karani, umenifanya niweke simu chini nikatembee kidogo.

Nilimuuliza. Ni desturi yangu, sinunui lori kwa mtu bila kuuliza mpaka ukoje. Akasema, «Mama, mpaka ni ule ule. Asubuhi nimevusha malori mawili, na kesho navusha mengine.» Nakumbuka hilo la kesho, kwa sababu nilimwambia basi kesho tutavuka wote.

Kwa hiyo huyo hakunyamaza kama yule wa tumbaku. Huyo alifungua mdomo.

Na wewe Mkali, usinifundishe mtandao. Nimekuwa mpakani kabla hujaota jino. Mtandao ninao: wapakiaji, wapima mizani, mama wa chapati wa getini ambaye anajua gari gani limerudishwa kabla ya dereva mwenyewe. Habari ya mama wa chapati nimeilipia kwa kununua chapati zake mvua na jua. Ile ya shemeji ilitoka mezani kwa serikali.

---

Karani wa Hisa, Kampala

Basi mambo yamebadilika. Kunyamaza ni kitu kimoja, kusema uongo ukiulizwa ni kingine, na Sheria yetu ya Mikataba ya 2010 inautambua udanganyifu na upotoshaji. Kwamba unaweza kuuthibitisha leo, bila shahidi na bila maandishi, hilo sikuahidi. Kama kuna ujumbe wa simu wa siku ile, usiufute.

Na kuhusu meza ya serikali: kuna sinema nyingine ya zamani, Trading Places ya 1983, ya kuchekesha, ina Eddie Murphy. Ndugu wawili wazee wanataka kuiba ripoti ya serikali ya mavuno ya machungwa kabla haijasomwa, wacheze na bei ya juisi. Ajabu ni kwamba Marekani wakati ule kutumia ripoti ya namna hiyo kwenye soko la bidhaa hakukukatazwa wazi. Ni mwaka 2010, baada ya mabenki kuanguka, ndipo walipoandika sheria ya kuzuia, na watu wa masoko wanaiita kanuni ya Eddie Murphy mpaka leo. Kwa hiyo mahindi na hisa hawako mbali sana tena, Mama. Kijana wako mwambie hivyo.

---

Zaituni, Jinja

Mnaongea sheria, hakuna aliyetaja kwamba yule baba na yule mwana ni baba na mwana kweli! Martin Sheen amemzaa Charlie Sheen. Mtazameni tena mzee kitandani hospitalini na kijana ameinama juu ya mkono wake. Hiyo haikuigizwa yote. Na Stone mwenyewe, baba yake alikuwa dalali wa hisa, filamu ameitunuku kwa jina lake. Ndiyo maana inamchukia Gekko na kumtamani kwa pamoja. Kila anapoingia, kamera inamkimbilia.

Michael Douglas alipata Oscar kwa Gekko. Daryl Hannah, yule Darien mpambaji wa nyumba, alipata tuzo ya kejeli ya uigizaji mbaya. Kwa kweli mapenzi yake na Bud yamepwaya, nilikuwa napeleka mbele. Na msisahau tarehe: soko la New York lilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja, tarehe 19 Oktoba 1987, filamu ikatoka Desemba. Hata tangazo la kulipia lisingeweza kupangwa vizuri hivyo.

Mkali, hauko peke yako. Douglas amesema mara nyingi kwamba vijana humfuata wakamwambia waliingia kwenye hisa kwa sababu ya Gekko. Yeye hushangaa, maana aliigiza mtu mbaya.

---

Mzee wa Reli, Tororo

Wanangu, nimesoma yote. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea hiyo picha, nami niliona kitu ambacho hamjakigusa.

Mnabishana juu ya habari. Mimi ninauliza juu ya pensheni. Gekko aliitakia nini Bluestar? Anamwambia kijana utakuwa rais wa shirika, chama cha wafanyakazi kinaombwa kipunguze mishahara ili kampuni ipone, wengine wanashawishika, mzee Carl, baba wa Bud, anakataa mbele ya wote na mwanawe anamtukana. Kumbe mpango ni kuuza ndege moja moja, kuuza majengo, na mfuko wa pensheni ambao una fedha kuzidi hesabu: wanawanunulia wafanyakazi malipo ya uzeeni ya bei rahisi, ziada inaingia mfukoni kwa Gekko. Kijana analijua hilo akiwa amekaa kwenye mkutano, watu wanacheka. Niliomba mjukuu asimamishe picha hapo.

Nilianza kazi reli kabla ya 1972. Tororo ndiyo njia panda, gari moja kwenda Kampala, jingine kupitia Mbale na Soroti mpaka Pakwach. Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa niliona maduka yakigawiwa. Wengi waliopewa hawakujua kuagiza bidhaa, waliuza kilichokuwa kwenye rafu, kisha wakauza rafu. Tuliwaita mafuta mingi. Magari yao yalikuwa mapya, na sisi tunapanga foleni ya sukari na sabuni. Huyo Gekko nilimtambua mara moja, amevaa vizuri zaidi tu.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la nchi tatu likakatwa mapande. Injini iliyokuwa Nairobi ikabaki Nairobi. Kwenye meza waligawana mabehewa. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha 1984, na kila serikali ikatwishwa pensheni za raia wake. Nimezika wenzangu wengi, na faili zao bado zinazunguka. Wa kulaumiwa sitamtaja hapa, si mahali pake.

Basi Karani, wewe uliyesoma: Gekko alipotaka kuuchukua ule mfuko, hilo nalo lilikuwa kosa la kufungwa?

---

Karani wa Hisa, Kampala

Mzee, shikamoo. Hapana, halikuwa kosa.

Miaka ile ya 1980 Marekani, mwajiri akivunja mpango wa pensheni, akawanunulia wafanyakazi malipo yao kwenye bima, ziada ilikuwa yake kisheria. Waliofanya hivyo walikuwa wengi. Bunge lao likaanza kuweka kodi maalumu juu ya ziada hiyo, asilimia 10 mwaka 1986, na ilipofika 1990 ikapandishwa hadi asilimia 50 kwa asiyewaachia wafanyakazi mpango mwingine. Kodi ndiyo iliyopunguza hamu.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, Bud anakamatwa kwa habari, na kitu kilichomfanya amgeuke Gekko kilikuwa halali. Pale Central Park, Gekko anampiga huku anamkumbusha dili walizofanya pamoja, na kijana ana kinasa sauti kifuani. Yanayorekodiwa ni yale ya taarifa za siri. Na kumbukeni jinsi Bud alivyoiokoa: alipandisha bei kwa kuwanong'oneza madalali wenzake, kisha akaishusha ili Gekko auze kwa hasara na yule Mwingereza anunue rahisi. Huo nao ni mchezo mchafu wa soko. Nimewahi kusikia watu wakimpigia makofi hapo.

Kwa NSSF yetu, mfuko wa akiba ya uzeeni wa hapa Uganda, hali ni nyingine, Mzee. Kila mwanachama ana akaunti yake, asilimia 5 ya mshahara kutoka kwake na 10 kutoka kwa mwajiri, na riba hutangazwa kila mwaka. Hakuna fungu la ziada la mwajiri kulidai. Hatari iko kwa wanaochagua pa kuziwekeza.

---

Mzee wa Reli, Tororo

Marahaba mwanangu. Nilijua ungejibu hivyo, nilitaka tu Mkali alisome.

---

Mkali wa Ntinda

Nimelisoma, Mzee wangu. Bado nasema kule Teldar Gekko alisema kweli. Lakini hiyo ya pensheni sikuiona, niliangalia nusu nikapokea simu.

Karani, tuache filamu. Mtu akitaka kununua hisa halali za hapa, za MTN au za Stanbic, anaanzia wapi? Na usiniambie nijiunge na kikundi cha WhatsApp, vimeshanila.

---

Karani wa Hisa, Kampala

Nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya CMA, na orodha ya wenye leseni iko kwao. Chukua kitambulisho cha taifa, atakufungulia akaunti ya SCD, ambako hisa zako zinaandikwa kwa jina lako, si kwa jina lake. Pesa lipia akaunti ya kampuni, usimpe mtu mkononi. Soko linafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na usishangae ukiweka oda ikakaa bila kupata muuzaji. Hisa zetu nyingi hazitembei. MTN walipouza 2021 kwa shilingi 200, watu walidhani wataziuza wiki inayofuata kwa 400. Wengine walinipigia simu wakilia. Nunua kile ambacho unaweza kukaa nacho ukipata gawio, yaani mgao wako wa faida.

Ukimsikia mtu ana «habari ya ndani», mwombe aiandike. Ataondoka.

---

Mama Nafaka

Hayo majina ya madalali wenye leseni na mimi niwekeeni hapa. Nitawapigia Jumatatu. Kesho napakia maharage Mbale, na cheti cha mzigo nimeshakilipia kabla ya gari kufika.

Ule ujumbe wa Machi 2021, Karani, nimeutafuta kwenye simu ya zamani. Upo. Nimempa kijana auhifadhi.